Mashine ya kupasua kuni, na ile tusiyoitaka

(Maneno ya kamati mbele ya mkutano wa wanachama, Dilala. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, kwa wale ambao hawakufika na kwa wafadhili walio mbali.)



Leo tunasema juu ya mashine. Barua mbili zilifika kwa kamati mwezi mmoja. Ya kwanza ilitoka kwa wafadhili: wanauliza ile mashine ya kupasua magogo inafanya kazi gani sasa, na wanasema wako tayari kuongeza feza ili tununue tronsoneze mbili. Ya pili ilitoka kwa vijana wetu wenyewe. Wamesikia habari ya tronsoneze, na wanauliza kwa nini kamati inasitasita. Tutajibu barua zote mbili pamoja, kisha mtapiga kura.

Kwanza tukumbushane nani ananunua kuni katika Dilala, maana wafadhili wengine wanafikiri kila mama anapikia kuni. Hapana. Mjini tunapikia makala. Bukari inapikwa juu ya mbabula, na saki ya makala inafika kwa kinga kutoka mbali, kijana anaisukuma anatoka jasho. Kuni zina wateja wao. Wachoma matofari, hao ndio wa kwanza. Furu moja ya matofari inakula magogo usiku na mchana. Kisha wenye furu za mikate, mama wanaotoa lutuku (tunajua, tunajua, lakini ni wateja), na watu walio na kilio. Kilio bila moto mkubwa kwenye lupango usiku si kilio. Na umeme ukikatika siku nyingi, hata mwenye rishoo ya umeme anakuja kuuliza fungu la kuni.

Na hapa tuseme neno moja, halafu tutarudi kwenye mashine. Nzilo iko karibu nasi, Nseke iko karibu nasi. Mabwawa hayo yalijengwa miaka ya 1950 juu ya mto wetu Lualaba, na umeme wake unapita juu ya vichwa vyetu kwenda migodini. Mwaka 1956 umeme wa Katanga ulianza kuvuka mpaka mpaka Kitwe. Kabla ya hapo, migodi ya upande ule, ambayo leo ni Zambia, ilikosa makaa ya mawe ya kutosha kutoka Wankie, na ilichoma kuni kwa miaka kadhaa ili mitambo yake isisimame. Kuni! Basi umeme wetu uliokoa miti yao, na shiye wenyewe tunabaki paka na mbabula. Wanaofahamu siasa watueleze siku nyingine.

Tuliporudi, wengi wetu kutoka Meheba, wengine kutoka Kasai, hatukuwa na mtaji. Kule Meheba kila mtu alijifunza shoka, maana ukipewa shamba unapewa msitu. Shoka njo ilikuwa diploma yetu. Mama wengi wa chama hiki walilea watoto kwa kupasua kuni za watu: mwenye gari analeta magogo, wao wanapasua, wanalipwa kwa fungu. Na kila mtu aliyeshika shoka anajua mahali kazi inapokwama. Matawi yanapasuka. Shina jembamba lililonyooka linapasuka. Lakini shina nene la mubanga, au muputu wenye fundo, shoka linaingia halitoki. Unapiga kabari ya chuma, kabari inazama, unatafuta kabari ya pili ili utoe ya kwanza. Kwa hiyo mafundo na mashina manene yanaachwa. Yanaoza, au yanachomwa bure.

Tuliona jambo hilo kwa macho yetu pale kampuni moja ya madini ilipofungua eneo jipya. Miti ilisukumwa na bulldoza, ikalundikwa, ikangoja kuchomwa moto. Malundo kama nyumba. Tulikwenda kuomba, tukaambiwa turudi, tukarudi, tukaambiwa tuandike barua yenye muhuri, tukaandika. Mwishowe tulipewa ruhusa ya kuchukua magogo ambayo tayari yalikuwa chini. Hapo njo wazo la mashine lilizaliwa. Tulikuwa na magogo kuliko nguvu ya mikono, na kila kiangazi kilichopita moto ulikuwa unayafikia kabla yetu.

Sasa mashine yenyewe. Wale ambao hamjaikaribia, ni hivi. Kuna moteri ndogo ya esansi, nguvu farasi sita na nusu. Moteri inazungusha pompi. Pompi inasukuma mafuta ndani ya silinda, na silinda inasukuma gogo juu ya kabari nene ya chuma. Basi. Hakuna uchawi. Silinda yenye kipenyo cha sentimita 10, mafuta yakifika presha ya bari 200, inasukuma kwa nguvu ya tani kama 16. Ni kama kuweka lori lenye mzigo juu ya kabari ile ile uliyokuwa unaipiga kwa nyundo. Pompi yetu ina sehemu mbili: moja inapeleka mafuta mengi ili silinda itembee haraka wakati hakuna kizuizi, gogo likikaza, sehemu hiyo inaacha, na ile ndogo inasukuma polepole kwa nguvu yote. Mtasikia sauti ya moteri ikibadilika, inanguruma chini. Usiogope, na usiongeze esansi. Ngoja. Mubanga unalia kwanza, kisha unafunguka.

Moteri inakula kama lita moja ya esansi kwa saa, zaidi kidogo ikiwa miti ni migumu. Kinachoiua ni vumbi. Mnajua vumbi la Kolwezi mwezi wa nane. Linaingia kwenye filtri ya hewa, linaingia kwenye mafuta kupitia mahali pa kumiminia ikiwa mtu amefungua kifuniko bila kupangusa. Punje za mchanga ndani ya mafuta zinakwaruza silinda, mpira wa kuzuia unapasuka, mafuta yanavuja, na mpira ule haupatikani kila siku sokoni. Mara ya mwisho tuliungoja wiki tatu, mashine imekaa chini ya hema kama mgonjwa. Na esansi ya bakadafi, ile ya chupa barabarani, tumekataza. Mara mbili tulikuta maji ndani yake.

Tunafika kwenye habari ambayo kamati haikutaka kuiandika, lakini baba wa yule kijana alisema iandikwe.

Mwezi wa pili wa kazi, kijana wetu mmoja alipoteza vidole viwili vya mkono wa kushoto. Haikuwa ulevi, haikuwa uvivu. Walikuwa wawili kwenye mashine, mmoja anaweka gogo, mwingine anashika mkono wa kuendesha silinda. Tulifikiri wawili ni bora kuliko mmoja, maana ndivyo tulivyozoea katika kazi zote. Yule wa kwanza alikuwa anageuza gogo lisilokaa sawa. Mwenzake aliona gogo, hakuona mkono. Alivuta.

Baadaye fundi mmoja alitueleza kwamba ajali za mashine hizi mara nyingi zinatokea hivyo hivyo, zinapoendeshwa na watu wawili. Mtu mmoja hawezi kuwa na mkono juu ya gogo na wakati huo huo anavuta mkono wa mashine, ikiwa mashine imetengenezwa vizuri. Watu wawili wanaweza. Tangu siku hiyo sheria ni moja: anayeweka gogo njo anayeendesha. Wengine wote nyuma ya kamba, mita tatu. Hata mwenyekiti. Hata mfadhili mwenye kamera, mtusamehe. Jambo la pili: mpira wa mafuta ukitoboka tundu dogo kama la sindano, usitafute kwa mkono. Mafuta yenye presha ile yanaingia ndani ya nyama, unaona kidonda kidogo tu, na kesho daktari anazungumza juu ya kukata mkono. Tunazima moteri, tunashusha presha, tunatafuta kwa kipande cha katoni.

Chama kimelipa hospitali ya kijana. Vidole hatukuweza kulipa. Leo yeye njo anashika daftari la mashine na anafundisha kila anayeanza, na hakuna anayechezea mashine akiwa yeye yupo.

Kosa letu la pili lilikuwa la akili, si la mkono, na linawahusu bamama. Tuliandika kwenye ombi letu kwa wafadhili kwamba mashine itawapa watu kazi. Kwa miezi mitatu ya kwanza ilifanya kinyume. Wenye furu za matofari walianza kuleta magogo moja kwa moja kwenye mashine, hata yale membamba ambayo shoka lingeyamaliza. Bamama waliokuwa wanapasua kwa fungu wakakosa kazi. Mama mmoja, mtu mzima, mjane, alikuja mpaka kwenye lupango lwa kamati, akasimama, akasema: «Baba, shiye tulikuwa pamoja na ninyi kule mbali. Sasa munaleta mashine kula chakula ya batoto betu?» Hakukaa kwenye kiti tulichompa.

Tulikaa usiku ule. Kulikuwa na wenye kusema maendeleo ni hivyo, shoka litaisha lenyewe. Labda. Lakini chama hiki hakikuanzishwa kwa ajili ya maendeleo ya moteri. Tuliamua mambo mawili, na yanaendelea mpaka leo. Mashine inapasua paka magogo ambayo shoka linayakataa: manene kupita mkono wazi, yenye fundo, yaliyopinda. Membamba yanabaki kwa shoka. Na mashine imekabidhiwa kwa kikundi cha bamama wenyewe. Wao wanapanga zamu, wao wanashika sanduku, vijana wanaendesha na wanalipwa nao. Wateja walinung'unika kidogo. Kisha wakaona kuni za mashine zinakauka vizuri, wakanyamaza.

Juu ya kukauka, tuseme kidogo, maana hapo ndipo faida yenyewe ilipo, na watu wengi hawaioni. Mti mbichi, theluthi mpaka nusu ya uzito wake inaweza kuwa maji. Gogo zima linakauka polepole sana kwa sababu ganda linafunga maji ndani. Ukilipasua, maji yanapata mlango. Kuni zilizopasuliwa mwezi wa tano, zikapangwa juu ya vijiti zisiguse udongo, upepo ukipita, zinafika mwisho wa kiangazi zikiwa kavu. Mchoma matofari anayetumia mti mbichi anachoma kuni ili kukausha kuni. Ni vilevile kwa makala: tanuru ya udongo ya kawaida inatoa kilo 10 mpaka 20 za makala kwa kilo 100 za mti, na mti mbichi unaisukuma chini kwenye 10. Kwa hiyo mteja wa kuni kavu anarudi na fungu chache zaidi kwa furu ile ile. Tunauza kidogo kwa furu moja, lakini magogo yetu yanafika mbali zaidi.

Sasa tronsoneze. Vijana, tunawasikia. Na tusijifanye watakatifu: kupasua kunataka gogo liwe fupi, nusu mita hivi, na magogo yale ya mgodi yanakuja marefu. Mpaka leo tunakata kwa msumeno wa watu wawili, na yale makubwa kabisa tunamwita mtu mwenye tronsoneze yake, tunamlipa kwa siku. Ninyi mnasema: kwa nini tumlipe mtu wa nje, wakati wafadhili wanatupa bure? Swali zuri.

Jibu letu linaanza na uzito. Mjerumani Andreas Stihl alipotengeneza msumeno wake wa kwanza wa mnyororo mwaka 1926, ulikuwa wa umeme, ulipita kilo 60, na ulihitaji watu wawili kuubeba. Leo tronsoneze ina kilo tano, sita. Kijana mmoja anaifunga nyuma ya kinga, anaondoka saa kumi na moja asubuhi, hakuna anayejua amekwenda wapi. Hatusemi vijana wetu ni wezi. Tunasema mashine inayoweza kwenda porini itakwenda porini. Siku mwezi umekuwa mgumu, mtoto amefukuzwa shule, na tronsoneze iko pale ukutani, kamati gani itazuia? Hata sisi tungekwenda.

Na pori liko wapi? Wazee mnakumbuka miti ilianzia wapi kutoka Dilala. Leo uliza watu wa kinga wanatembea siku ngapi. Pori letu la mutondo na muputu linaweza kuota tena kutoka kwenye shina. Mungu aliliumba hivyo, shina lililokatwa chini na vizuri linatoa machipukizi. Lakini linataka miaka ishirini, thelathini, na linataka moto wa mwisho wa kiangazi usilipite kila mwaka. Mutondo ukiisha, vinkubala vinaisha pia, na uyoga wa mvua za kwanza. Ni chakula hicho, ni feza ya shule ya mwezi wa kumi na mbili. Mama anayeuza vinkubala sokoni na kijana anayekata mutondo wanakula kwenye sahani moja bila kujuana.

Kuna sheria pia. Kanuni ya misitu ya mwaka 2002 iko, na kukata kuni au kuchoma makala kwa biashara kunataka kibali. Magogo ya mgodi tunayo karatasi yake. Mti uliosimama hatuna karatasi yake, na kwenye barieri mtu mwenye tronsoneze anaulizwa maswali ambayo mtu mwenye shoka haulizwi. Mwanachama mmoja alilala siku mbili pale kwa sababu ya karatasi moja, na alikuwa na haki.

Ombi letu kwa wafadhili basi ni hili: feza ya tronsoneze mbili mtubadilishie. Tunataka meza ya msumeno wa duara, ile yenye kitanda kinachobembea: unalaza mti juu ya kitanda, unausukuma kwenye meno ya msumeno bila mkono wako kukaribia. Ina kifuniko cha chuma, na itafungwa kwa bolti kwenye saruji ya lupango lwetu. Haiwezi kwenda porini. Inangoja miti ije. Tuseme ukweli wake: msumeno wenye kipenyo cha sentimita 70 unakata miti isiyopita sentimita 20 na kidogo. Magogo manene ya mgodi yatabaki kwa msumeno wa watu wawili, na kwa yule bwana wa kulipwa kwa siku, ambaye anakuja, anakata mbele yetu, anakwenda.

Lakini magogo ya mgodi yatakwisha. Hiyo pia ni kweli. Eneo likishafunguliwa limefunguliwa. Na ndiyo maana meza ile inafaa: mikaratusi. Kaliptusi, kama tunavyosema. Wazee waliopanda treni ya Benguela wanakumbuka mashamba ya mikaratusi kando ya reli kule Angola. Reli ile ilifika kwetu mwaka 1931, na kwa miaka mingi treni zake zilitembea kwa kuni za mikaratusi hiyo. Walipanda, wakakata, ikachipua, wakakata tena. Kwenye nchi yetu wenyewe, kule Mampu karibu na Kinshasa, watu walipewa mashamba ya hektari 25 kila mmoja ya mikasia iliyopandwa, wanakata, wanachoma makala, wanalima mihogo kati ya miti michanga. Shiye hatuna hektari 25. Tuna ile sehemu chifu aliyotuonyesha, na wanachama kumi na wawili waliokwisha kupanda. Mkaratusi wa miaka saba ni mwembamba, umenyooka, unakatika vizuri kwenye meza ya duara, na ukiupasua ungali mbichi unafunguka kama muwa. Ukiungoja ukauke kwanza, utaujutia. Tahadhari moja: usiupande karibu na kisima. Tumesema.

Vijana, mtatuuliza, na miaka saba tule nini? Tunazo kuni za mgodi kwa muda, tunayo kazi ya kupasua kwa wateja wanaoleta magogo yao, na kikundi cha bamama kimekubali kuongeza zamu mbili za vijana kwa wiki. Haitoshi. Hatuwezi kusimama hapa kusema inatosha. Mmoja wenu alisema jana: «Kamati inalinda miti, nani analinda shiye?» Neno hilo limetukaa. Kama kura itasema tronsoneze, kamati itaandika kwa wafadhili hivyo hivyo, bila kubadilisha neno, na itaomba paka suruali za kinga, kofia, na mafunzo kabla ya mnyororo kuzunguka hata mara moja.

Hesabu za esansi, za mpira uliopasuka na za sanduku la bamama zimebandikwa kwenye ubao karibu na mlango. Someni kabla ya kupiga kura. Anayeona kosa aje kwa mtunza hazina leo, asingoje kusema njiani.

Sasa tutoke nje, bamama wataionyesha mashine ikipasua fundo la mubanga ambalo mashoka matatu yalilishindwa. Aliyevaa sapatu za wazi abaki nyuma ya kamba.